Jeti za Pwani

Soko la Jumapili la Bengaluru, upande ule wanaouza vyuma vikuukuu, si mahali pa kwenda na shati la rangi ya maziwa. Dinakar Kotian alikwenda nalo. Lilikuwa limepigwa pasi, mikono imekunjwa mara mbili, na chini suruali ya kijivu ya mtu wa ofisi. Alichuchumaa mbele ya turubai lililojaa gea, minyororo na taa zilizopasuka, ameshika kabureta moja kwa mikono miwili, watu wanampita na kumkanyaga visigino. Muuzaji alikwisha kuona kwamba anaitaka, kwa hiyo bei ilikuwa imeshaharibika.

“Rupia elfu moja na mia mbili.”

“Mia nane.”

“Kaka, hii ni ya zile za silinda mbili. Zimeacha kutengenezwa wewe bado unavaa kaptura ya shule. Elfu na mia moja, uende ukafurahi.”

Mkono ulipita juu ya bega la Dinakar ukaichukua ile kabureta. Ulikuwa mkono wa mwanamke, wenye bangili mbili za kioo cha kijani na kucha nyeusi kwa grisi. Mwenye mkono akapuliza tundu moja, akapuliza la pili, akaingiza kidole ndani akakizungusha, kisha akairudisha kwenye turubai.

“Imekufa,” alisema. “Imelika ndani. Utaifunga leo, kesho itavuta hewa ya pembeni, keshokutwa utasukuma.”

“Wee dada, umeitwa hapa?” muuzaji alifoka.

“Sikuitwa. Nimelionea huruma shati la watu.”

Dinakar akainuka amtazame. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi na suruali yake ya kubana miguuni, mtandio ameufunga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini, na nyuma ya kichwa kishada cha yasmini kilichoanza kunyauka kwa jua. Alikuwa na macho ya ubishi. Dinakar, aliyezoea kuwauzia watu pampu za maji kwa mdomo wake, safari hii akawa yeye wa kuuliza.

“Sasa mimi nifanyeje? Kabureta yangu ya kushoto inamwaga petroli. Mafundi watatu wameishika.”

“Ilete Wilson Garden, gereji ya Shamanna.”

“Huyo Shamanna ni fundi mzuri?”

“Alikuwa. Siku hizi macho hayaoni vizuri. Fundi unaongea naye.”

Dinakar akacheka. Mwanamke akamngoja amalize.

“Naitwa Ambuja. Ukija kucheka tena, njoo kabla ya saa kumi. Saa kumi nakunywa chai.”

Alikwenda kesho yake saa tisa na nusu, akisukuma pikipiki yake.

*

Dinakar alikuwa mtu asiyetulia. Kampuni ilikuwa imemhamisha miji minne ndani ya miaka sita, na kila barua ya uhamisho aliipokea kama mtoto anavyopokea likizo. Ile pikipiki ya mwaka themanini na sita aliinunua ikiwa vipande ndani ya magunia mawili. Ambuja naye hakuwa ametulia, ila yeye hakuwa na pa kwenda. Alilelewa na mjomba wake Shamanna palepale gereji, akajifunza kazi kwa kumpitishia spana, na sasa, akiwa na miaka ishirini na saba, watu walikuja kwake kutoka mbali, wakaacha mashine zao zikikohoa na kuzichukua zikiimba. Wao walikwenda zao milimani na pwani. Ambuja hakuwa amewahi kuiona bahari, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya alivyowaonyesha watu.

Walizifungua kabureta zote mbili juu ya meza ya bati. Zilikaa katika dawa usiku mmoja, zikasuguliwa kwa mswaki, kila tundu likapulizwa. Ambuja alibadilisha boya na sindano, akapima urefu wa boya kwa rula ya shule. Kisha akaweka kiganjani mwa Dinakar kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi.

“Hii ndiyo jeti. Katundu haka ndiko kanakoamua mashine inywe kiasi gani. Bengaluru tuko juu, hewa nyepesi, jeti ndogo inatosha. Pwani hewa nzito, lazima jeti kubwa.”

“Nikishuka na hii ndogo?”

“Utabembea tu, mpaka uteremke mlima wote. Ukifika chini ukapiga resi, mashine inanyimwa petroli, inashika moto, pistoni inakwama. Tairi la nyuma linasimama palepale. Kama nyuma yako kuna lori, basi tena, tutakuletea maua.”

“Una maneno matamu sana wewe.”

“Wateja wote wanasema hivyo.”

Kazi ya mwisho ilikuwa kuzilinganisha kabureta, zivute pamoja, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Wengine wana vipimo vya vioo. Ambuja alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akaweka kiganja kimoja nyuma ya kila ekzosi, akafumba macho. Moshi ulimpiga mikononi, pu pu pu, kushoto na kulia. Dinakar alisimama mbele na bisibisi.

“Kulia inachelewa. Ongeza robo.”

“Hivi?”

“Umezidisha. Rudisha nusu ya hiyo robo. Mkono mwepesi, bwana, huchoti saruji!”

Walifanya hivyo jioni tatu, kwa sababu Ambuja hakuridhika, au ndivyo alivyosema. Jioni ya tatu Dinakar alitazama uso ule uliofumba macho, masizi shavuni, nywele zimetoka kwenye msuko, akasema jambo katikati ya mngurumo.

“Unasemaje?” Ambuja alipaza sauti.

“Nimesema niongeze robo?”

Ambuja akainuka, akaizima mashine. Gereji nzima ikawa kimya, hata Mjomba Shamanna kwenye kiti chake akaacha kujipepea kwa gazeti.

“Haya, sasa sema.”

“Mjomba wako anasikia.”

“Mjomba haoni. Kusikia, anasikia toka zamani. Sema.”

“Nimesema nakupenda.”

Ambuja akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Na mimi,” alisema, “lakini kulia bado inachelewa.”

Tangu siku hiyo simu zao hazikutulia. Mmoja akibipu mara moja, maana yake nimekukumbuka. Mara mbili, nipigie. Mara tatu, nina hasira na wewe ila sababu nimeisahau.

“Fundi wangu, mgonjwa wetu wa magurudumu mawili hajambo?”

“Mgonjwa hajambo. Mwenyewe ndiye simwelewi. Jana uliniambia unakuja.”

“Nilikuwa Tumkur kwa mteja, mpenzi. Pampu ilikuwa inavuta matope.”

“Na mwezi ujao utakuwa wapi?”

“Mwezi ujao nani anajua?” Dinakar alijibu, akicheka.

Kwake yeye ulikuwa mzaha. Kwa Ambuja neno lile liliingia likakaa, na kila alipokuwa peke yake alilitoa akalitazama upya.

*

Ijumaa moja mtumishi wa ofisi ya Dinakar aliileta pikipiki pamoja na kiberiti kilichofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na jeti mbili mpya na kikaratasi: Nifungie hizi, tafadhali. Usiulize kitu. Nakuja Jumapili saa kumi na mbili asubuhi.

Ambuja aliziinua kwenye mwanga akasoma nambari zilizogongwa. Zilikuwa namba mbili juu ya zile za Bengaluru. Mtu mwingine angeona vipande vya shaba tu. Yeye aliona safari ya pwani, ya mtu aliyekwenda dukani akanunua kwa siri, naye akiwa ndiye fundi wake. Jeti hizi hazikumfaa mtu wa kwenda na kurudi jioni. Ni za mtu anayehamia. Huyu anaondoka, aliwaza, na ananipa mimi kazi ya kumfungashia mizigo.

Akajaza lita kumi za petroli, akaosha plagi, akapaka mnyororo mafuta. Jeti hakuzifunga. Alijiambia Jumapili nitamuuliza kwanza, macho kwa macho, kisha nitafunga, ni kazi ya dakika ishirini. Jumamosi nzima alitembea na kile kiberiti mfukoni, na simu ilipolia hakuipokea.

Jumapili Dinakar alifika amevaa koti jeusi la ngozi, amenyoa, ananukia sabuni. Begani alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake ilichungulia kofia ya pikipiki mpya, nyekundu, ndogo.

“Umefunga zile jeti, fundi wangu?”

“Kofia ya nani hiyo?”

Hapo ndipo mzaha ulipomponza. Angesema ukweli, mimi msimulizi nisingekuwa na hadithi.

“Ya msichana mmoja hivi nampeleka pwani. Ana mdomo mrefu, lakini namvumilia.”

Ambuja hakucheka. Damu ilimpanda masikioni. “Ehe. Na mimi ndiye wa kuwatengenezea chombo.”

“Ambuja, subiri—”

“Nisubiri nini? Wauza pampu wote mko hivyo, kila mji na kisima chake! Unadhani nalia? Wewe ulikuwa mteja, Dinakar. Mteja! Umelipa, umetengenezewa, nenda.”

“Mteja?” Uso wa Dinakar ulibadilika. “Miezi minne, mimi ni mteja?”

“Nenda.”

“Nimekuuliza, jeti umefunga?”

“Nimefunga!”

Hakuwa ameupanga uongo ule. Ulimtoka kwa kiburi, ili asionekane kwamba alikuwa akimngoja aje kumbembeleza. Dinakar akaning'iniza ule mfuko kwenye mpini, akapiga kiki moja, na mashine ikaitika vizuri sana kwa sababu mikono ya Ambuja ilikuwa imeshinda juu yake. Akaondoka bila kugeuka. Moshi ukabaki mlangoni.

*

Mjomba Shamanna alirudi kutoka hekaluni saa mbili, majivu mapya kwenye paji la uso, akamkuta mpwa wake amekaa chini karibu na meza ya bati.

“Hukwenda?” aliuliza.

“Kwenda wapi?”

“Mangaluru, kule pwani. Kijana alikuja Alhamisi, akavua viatu pale mlangoni, akaniomba ruhusa akupeleke kwa mama yake. Nikamwambia siku hizi mambo yamepinduka, zamani mama ndiye angekuja kukuona wewe. Lakini nikakubali. Akaniomba nisikuambie, eti atakushangaza. Amekununulia na kofia.”

Ambuja akainuka akiwa ameshika meza. Mfukoni kile kiberiti kikagonga.

“Mjomba, nimemwambia nimefunga jeti za pwani. Sikufunga.”

Mzee alikuwa amezika wateja wawili waliofia Shiradi, ule mteremko wa kwenda pwani. “Mpigie,” alisema.

Alimpigia mara kumi na moja. Simu iliita ikakata, ikaita ikakata, kisha ikazimwa. Ambuja akashika kichwa. Fikiri, fundi. Nilijaza lita kumi. Mwenye hasira anakimbiza, kwa hiyo lita moja haizidi kilomita ishirini na moja. Kumi mara ishirini na moja, mia mbili na kumi. Akaitazama kalenda ukutani, ile waliyoletewa mwaka mpya na kituo cha petroli cha Sakleshpur, juu kabisa kabla barabara haijaanza kuteremka. Pale ndipo tangi litakapokauka, na pale lazima asimame. Namba ya simu ilikuwa chini ya picha ya mungu wa bahati.

Akairarua kalenda, akatia spana na bisibisi kwenye mkoba, akapanda basi la saa tatu la Mangaluru na grisi yake mikononi.

“Haloo, kituo cha petroli?” alipaza sauti, basi linatikisika. “Atakuja mtu na pikipiki nyeusi ya silinda mbili, koti la ngozi. Kaka, nakuomba usimuuzie petroli!”

“Dada,” sauti ya mwanamume ilijibu polepole, “mimi Puttaraju nimeajiriwa kuuza petroli. Ukitaka mtu asiuze, pigia duka la vitabu.”

“Ukimuuzia anakufa!”

“Ana deni na wewe?”

“Hana deni! Pikipiki ina jeti za mlimani, itakwama huko chini!”

Mama mnene aliyekaa pembeni, akimenya karanga juu ya sari ya zambarau, akanyoosha mkono. “Lete hiyo simu. Wewe Puttaraju! Mama yako anajua unavyojibu wasichana wanaolia? Mwambie umeme umekatika, pampu haifanyi kazi. Ni kazi ngumu hiyo?”

“Nani huyu tena?”

“Abiria! Basi zima tunakusikiliza!”

Basi zima lilikuwa linasikiliza kweli. Mzee wa nyuma akatoa ushauri kwamba wamfungie barabara. Kondakta akasema yeye angeuza tu. Ambuja akafunga mtandio usoni, akalia bila kujali nani anamtazama.

Saa nne na nusu simu yake ikalia.

“Nimeambiwa Sakleshpur nzima haina umeme,” ilikuwa sauti ya Dinakar, kavu, “na redio ya huyu bwana inaimba, na wewe umenipigia mara kumi. Kuna nini?”

“Dinakar, usiteremke. Sikufunga jeti. Ninazo hapa mkononi.”

Lori likapita upande wake.

“Nilikuuliza kwa mdomo wangu.”

“Ndiyo.”

“Ukaniambia umefunga.”

“Ndiyo. Nilidanganya. Kaa hapo, unitukane nikifika.”

Akakata. Ambuja hakujua kama atamkuta, na kwa saa tatu na nusu zilizobaki alihesabu kila lori lililopinduka kando ya njia.

*

Alimkuta. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda chini ya bati la kituo, koti limewekwa magotini, kikombe cha chai kimepoa. Puttaraju, kijana mwembamba mwenye sharubu kubwa kuliko uso, akajifanya kufagia karibu nao.

Dinakar hakuinuka. “Mama ameanza kupika tangu jana. Nilikuwa nishuke ule mlima kwa kasi, Ambuja. Kwa jinsi ulivyoniita mteja, nilikuwa nishuke kwa kasi sana.”

“Najua.”

“Ungeniua kwa ajili ya mzaha.”

“Najua. Sina la kujitetea. Niliona zile namba, nikadhani ndio kwaheri yako, nikashikwa na kiburi. Nakupenda, na nimekufanyia jambo ambalo fundi hamfanyii hata adui yake.”

Dinakar akainuka. Kisha akasogeza kreti pembeni ampishe afike kwenye pikipiki.

Ambuja akafunga koki za petroli, akashusha vikombe vya kabureta, akatoa jeti ndogo, akaweka kubwa. Alipomaliza alimpa Dinakar bisibisi.

“Fungua uangalie.”

Dinakar akafungua. Petroli ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akasoma namba ya kushoto, akasoma ya kulia, akafunga. Alikuwa na haki hiyo, na Ambuja alisimama pale akaisubiri.

“Nipe ufunguo,” Ambuja akasema. “Mpaka chini naendesha mimi. Ikikwama, ikwame mikononi mwangu.”

Puttaraju akajaza tangi. “Umeme umerudi,” alisema, akainama kuficha kicheko.

Waliteremka Shiradi alasiri. Kule juu mashine ilinguruma kwa uzito, ikitoa moshi mwingi, kwa sababu jeti za pwani si za mlimani. Ambuja, na ile kofia nyekundu kichwani, alisikiliza kila pigo. Dinakar alikuwa amejishikilia kwenye chuma cha nyuma ya kiti, mbali naye. Kona ya kwanza, ya pili, malori yanapanda yakipiga honi, maji yanatiririka kwenye miamba. Kadiri walivyoshuka sauti ilizidi kuwa nyepesi, joto likapanda, hewa ikaanza kunata shingoni. Kwenye kona moja basi liliwabana mpaka ukingoni, na Dinakar akamshika kiunoni. Basi lilipokwisha kupita hakuitoa mikono yake.

Chini kabisa, penye minazi ya kwanza na barabara iliyonyooka, Ambuja alipiga resi mpaka mwisho kwa kilomita nzima, akaizima mashine ghafla, akavuta klachi, wakateleza kimya mpaka kando ya barabara. Akafungua plagi, akaifuta kwa upindo wa gauni. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama inavyotakiwa. Akaketi kwenye majani akalia, safari hii kwa nguvu.

Dinakar alikaa karibu naye. “Mama amepiga mara nne. Anauliza tumefika wapi.”

“Nitamwambia nilichofanya.”

“Leo usimwambie. Mle kwanza, mzoeane.”

“Leo leo, kabla sijaonja chakula chake. Sitaki kula kwa mtu ambaye ningempelekea maiti ya mwanawe.”

“Akikufukuza?”

“Nitalala stendi, kesho nirudi nimwombe tena.”

“Peke yako?”

“Na wewe. Si unataka kunioa?”

“Nani amekwambia nataka kukuoa?”

“Mtu hapeleki msichana kilomita mia tatu na hamsini aende kuonja mchuzi tu.”

Dinakar akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba, akayasambaza zaidi. Aliyafikiria yale maneno mawili aliyoambiwa asubuhi, moja la mteja na moja la jeti, na bado yalimuuma. Akafikiria pia mtu aliyepanda basi na grisi yake mikononi ili aje kutukanwa.

“Nataka kukuoa,” alisema. “Lakini bado nimekukasirikia.”

“Kasirika. Nami nitakaa hapahapa mpaka hasira iishe.”

“Nitachukua muda.”

“Chukua.” Ambuja alirudisha plagi, akaikaza kwa mkono kisha kwa spana. Upepo uliwapitia kutoka magharibi, una chumvi, na yeye aliyekuwa haujui akauvuta mara mbili. “Panda,” akasema. “Mama yako anangoja, na nina mengi ya kumwambia.”